Pima Kwanza, Ndipo Uchome

Kompyuta nyingi zinazofika kwenye meza yangu hapa Mwanza zimeshaishi maisha mengine kabla ya kukutana nasi. Chini zina mabaki ya stika za namba za mali ya ofisi fulani huko Ulaya, na kibodi zake zina herufi ambazo hakuna mtu wa Igoma wala Kirumba atakayezihitaji: ö, ä, å, ß. Zilitumika miaka mitatu minne, zikafutwa kwenye vitabu vya kampuni, zikapangwa kwenye maboksi, zikavuka bahari. Prosesa huwa nzima. Memori huwa nzima. Kioo mara nyingi hakina hata mkwaruzo. Kilichochoka ni matundu ya pembeni: poti za USB, tundu la chaji, HDMI ya kupeleka picha kwenye skrini nyingine, tundu la hedifoni.

Sababu yake iko wazi. Ndani ya kompyuta karibu kila kitu kimetulia mahali pake. Poti ndiyo inayosukumwa na kuvutwa kila siku, tena mara nyingi kwa mkono wa mtu ambaye kompyuta si yake. Waliobuni USB, iliyotoka mwaka 1996, walilijua hilo, na kiwango chao kinataja idadi: poti ya kawaida, ile bapa, inatakiwa ivumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500. USB-C ilipokuja mwaka 2014 idadi hiyo ilipandishwa hadi 10,000. Kwa karani anayechomeka flashi moja kwa siku, mara 1,500 ni zaidi ya miaka minne. Sasa chukua kompyuta hiyo hiyo uiweke kwenye steshenari ya Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wiki ya kukusanya kazi za muhula. Kila mwanafunzi anakuja na flashi yake, na kila mmoja ana haraka. Zikichomekwa flashi 50 kwa siku, hesabu ya 1,500 imekwisha ndani ya mwezi.

Kwa hiyo mama mwenye steshenari anaponiletea mashine na kusema imeharibika mapema, simwambii kwamba hajui kuitunza. Mashine yake imefanya kazi ya miaka minne kwa mwezi mmoja.

Halafu kuna mji wenyewe. Tunaishi kando ya ziwa, na hewa ya hapa ina unyevu ambao ofisi yenye kiyoyozi haikuwa nao. Kuna vipindi wadudu wadogo wa ziwani wanakuja mjini kwa makundi kufuata taa, na nimewatoa wakiwa wamekauka kwenye matundu ya HDMI ambayo hayajawahi kutumika. Mashine zinazotoka kwenye biashara ya dagaa pale Kirumba Mwaloni nazijua kabla sijazifungua, kwa harufu. Vumbi la dagaa lina mafuta. Linanasa unyevu, unyevu unashika shaba, na baada ya muda unaona kutu ya kijani kwenye pini. Ongeza boda. Laptopu ikibebwa kwenye begi huku kipokezi cha mausi kimebaki kimechomekwa, kila shimo la barabara linakigeuza kuwa wenzo wa kung'oa poti kwenye bodi, ile sahani ya ndani inayobeba chipu na njia za umeme.

Watu husema "poti imekufa" kana kwamba poti ni kitu kimoja. Mimi huiangalia sehemu tatu. Kwanza mdomo, yaani chuma cha nje pamoja na ulimi wa plastiki wenye pini. Pili njia, ile mistari myembamba ya shaba inayotoka kwenye pini kwenda ndani ya bodi. Tatu ni chipu inayopokea taarifa huko mwisho wa njia. Nikiongeza ya nne, ni programu inayoamua kama chipu hiyo iruhusiwe kufanya kazi. Mdomo uliovunjika unaonekana kwa macho. Nyingine hazionekani, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

USB ya kawaida ina pini nne tu. Moja inaleta volti 5, moja ni hasi, mbili za katikati zinapitisha taarifa. Zile zenye ulimi wa bluu, USB 3, zina pini tisa: nne zile zile na tano za ziada zilizojificha ndani. Jambo hili lina faida kubwa kwa mtu anayetafuta kosa. Poti ya bluu ikisoma flashi lakini kwa mwendo wa kobe, mara nyingi zile nne ni nzima na ugonjwa uko kwenye zile tano. Mashine imerudi kwenye mwendo wa USB 2 bila kukuambia. Mtu wa steshenari anaweza kuishi nayo hivyo miaka. Mpiga picha za harusi hawezi, maana kila Jumapili anahamisha video nzito, na kwake poti hiyo imekufa kweli.

Ulimi ukivunjika, pini zinabaki zinaning'inia, na hapo kuna hatari ya haraka. Pini ya volti 5 ikigusa chuma cha pembeni, ni shoti. Mashine iliyotengenezwa vizuri itaukata umeme wa poti hiyo na kuandika onyo kwenye kioo; nyingine itazima kabisa, au itakataa kuwaka, na mwenye nayo ataamini bodi imeungua. Nimeletewa laptopu "zilizokufa" ambazo tiba yake ilikuwa kuitenga pini moja iliyopinda. Lakini usiingize kitu cha chuma humo kabla hujachomoa chaja na kuitoa betri. Kama betri iko ndani, fungua mfuniko wa chini, chomoa kiunganishi chake kwenye bodi, ndipo uguse. Kunyoosha pini natumia kijiti cha meno kwanza, sindano baadaye, na kioo cha kukuza muda wote. Shaba iliyopinda mara moja hurudi. Ukiipindua huku na huku inakatika.

Mdomo ukiwa mzima kwa macho, naenda kwenye mita ya kupimia umeme. Mashine ikiwa haina umeme kabisa, naweka mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye hasi ya bodi, mweusi kwenye pini, moja baada ya nyingine. Zile pini mbili za taarifa zinatakiwa zitoe namba zinazokaribiana sana, kwa sababu zinaishia kwenye chipu moja na zimejengwa kwa mfano mmoja. Moja ikisoma vizuri na nyingine ikaonyesha hakuna kitu, njia imekatika au pini imeachia. Moja ikisoma sifuri, kuna shoti mahali. Zote mbili zikiwa sawasawa na poti nyingine nzima ya mashine hiyo hiyo, mdomo na njia havina kosa, na hakuna sababu ya kuwasha moto wa kulehemu. Kipimo hiki hakichukui muda. Kinahitaji tu mtu aliyetulia.

Kuna mwalimu alivuka na feri ya Kamanga akitokea upande wa Sengerema, laptopu kwapani ndani ya mfuko wa rambo kwa ajili ya mvua. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, fundi. Nimeambiwa bodi imekufa, nimekuja unipe bei ya bodi." Poti zake zote za USB hazikusoma kitu. Nikapima: volti 5 ipo, pini za taarifa zinalingana kila poti. Bodi iliyokufa haisomi hivyo. Nikaiwasha, nikaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, nikatafuta ukurasa wa poti, nikakuta USB za nje zimezimwa. Ofisi nyingi kubwa huzifunga ili mfanyakazi asihamishe nyaraka kwa flashi wala asiingize virusi. Mashine ikauzwa na kufuli lake. Bahati ukurasa huo haukuwekewa nywila. Niliweka alama pale panapotakiwa, nikahifadhi, nikaiwasha upya, na kipanya cha mwalimu kikatembea.

Alifurahi, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. "Sasa fundi, nikulipe nini na wewe hujabadilisha kitu?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo tulivyozoeana, mafundi na wateja, hapa mjini. Mteja analipia kifaa kilichotoka na kifaa kilichoingia. Akionyeshwa poti ya zamani kwenye kiganja, anatoa pesa kwa moyo mweupe. Kuangalia ni bure. Na kwa sababu kuangalia ni bure, fundi mwenye watoto na kodi ya fremu anajikuta anasukumwa kwenye moto: abadilishe kitu, chochote, ili apate haki ya kudai malipo. Vijana wengi ninaowaona wakiharibu bodi wana mikono mizuri kuliko yangu. Hawakosi ujuzi wa kulehemu. Wanachokosa ni mteja aliye tayari kulipa kwa ajili ya nusu saa ya kupima na jibu la kweli, hata jibu likiwa "mashine yako haina ugonjwa".

Nimeamua kudai pesa ya kupima, na namwambia mtu kabla sijashika bisibisi. Ni kiasi kidogo, na akitengeneza kwangu nakikata kwenye bei ya kazi. Wapo wanaochukua mashine yao na kuondoka. Wengine wanakaa, wanavuta kiti, wanataka kuona namba zenyewe kwenye mita, na nikimaliza wanajua kuhusu kompyuta yao kitu ambacho hawakukijua asubuhi. Mwalimu wa Sengerema alilipa. Nadhani alilipa pia kwa furaha ya kutouziwa bodi.

Nisieleweke kwamba naogopa moto. Poti iliyong'oka lazima ibadilishwe, na kazi hiyo nikiifanya vizuri naipenda kuliko nyingine zote. Ugumu wake uko mahali ambapo wengi hawapategemei: kuitoa ya zamani. Tangu Julai 2006 sheria za Ulaya zimebana matumizi ya madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme, kwa hiyo mashine hizi zimeungwa kwa lehemu isiyo na risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Selsiasi. Lehemu ya zamani, asilimia 63 bati na 37 risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Tena ile miguu minene ya chuma cha poti imeshikiliwa kwenye tabaka pana la shaba la hasi, ambalo linasambaza joto bodi nzima. Unaweka chuma cha kulehemu kwenye mguu, lehemu inalainika upande mmoja, upande wa pili bado ni jiwe. Kijana asiye na subira anavuta. Poti inatoka, na imebeba vijiduara vya shaba vilivyokuwa vimegandishwa kwenye bodi.

Njia yangu ni hii. Naweka flaksi ya kutosha, ule ute unaosaidia lehemu kutiririka na kushika, halafu nayeyusha lehemu yenye risasi juu ya kila mguu, ichanganyike na ile ya kiwandani; mchanganyiko huo unayeyuka kwa joto dogo zaidi. Plastiki za jirani nazifunika kwa utepe unaostahimili joto. Naipasha bodi kwa hewa ya moto kutoka chini taratibu, ili joto lisifike sehemu moja kwa ghafla, kisha napeleka hewa kwenye poti yenyewe. Wakati umefika inajulikana: ukiigusa kwa kibano inacheza kidogo, inaelea. Hapo unainua, huvuti. Kama imekataa kucheza, haijawa tayari, na nguvu haitakusaidia. Mzee aliyenifundisha kazi, fundi redio wa Mabatini, alikuwa akinipiga kofi la mkono kila nilipovuta kabla ya wakati.

Baada ya hapo nasafisha matundu kwa utepe wa shaba unaofyonza lehemu, naosha kwa spiriti, nakagua kila njia kwa kioo cha kukuza. Poti mpya lazima ilingane na ya zamani kwa urefu wa ulimi, idadi ya pini, na mahali pa miguu. Zinafanana sana na bado hazikubaliani. Mimi huweka pipa la bodi zilizokufa kweli na kung'oa poti humo, kwa kuwa poti ya asili iliyotumika kidogo naiamini kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Lehemu yenye risasi ni sumu, kwa hiyo dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chapati.

Kijiduara cha shaba kikiwa kimeshang'oka, mashine haijapotea. Ninafuata njia kwa mita mpaka nipate sehemu ya mbele inayounganika nayo, nakwangua rangi ya kijani kidogo sana, naunga jampa ya waya mwembamba wa shaba wenye varnishi, naufunika ili usicheze. Kwa pini ya volti 5 natumia waya mnene kidogo. Kwa zile mbili za taarifa naziweka fupi, urefu sawa, na karibu karibu, maana USB 2 inapitisha megabiti 480 kwa sekunde na waya mrefu unaozungukazunguka utaifanya flashi ikatike katikati ya kunakili. Hiyo ni kazi ya macho na pumzi. Nikiwa nayo sipokei simu.

Tundu la chaji lina msiba wake. Kwenye laptopu nyingi za ofisi tundu hilo halijalehemiwa kwenye bodi hata kidogo; limefungwa kwa skrubu na lina waya wake mfupi unaochomekwa ndani. Unalibadilisha kwa bisibisi. Hata hivyo naletewa mashine zilizotobolewa ubavuni, waya wa chaja umepitishwa moja kwa moja mpaka kwenye bodi, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, zimezungushiwa selotepu. Inawaka, mteja anaondoka. Siku ya pili anagundua betri haichaji na mashine imekuwa nzito mno.

Sababu ni waya wa tatu. Chaja za Dell na HP zenye kichwa cha duara na kipini katikati hazileti volti 19.5 peke yake. Kile kipini chembamba cha katikati kinaipa kompyuta habari za chaja: ni ya nguvu kiasi gani. Dell isiposoma habari hiyo huandika kwamba aina ya chaja haijulikani, inakataa kuchaji betri, na inapunguza kasi ya prosesa ili isivute umeme mwingi. Aliyeunga nyaya mbili amemwachia mteja mashine yenye nusu ya nguvu zake. Dalili ni zile zile kipini kikipinda ndani ya tundu, au waya wa chaja ukikatika kwa ndani karibu na kichwa. Jaribu chaja nyingine nzima kwanza. Halafu angalia kipini. Kununua betri mpya kuje mwisho kabisa.

USB-C ndiyo inayonipa mawazo zaidi, kwa kuwa mashine za mtumba zinazoanza kuingia sasa zinachajiwa kwayo. Mdomo mmoja, pini 24, nafasi ya nusu milimita kati ya pini na pini. Chaja ya USB-C haimwagi umeme ovyo. Inasubiri ihisi kwamba upande wa pili kuna kifaa, inatoa volti 5, halafu vinazungumza kupitia pini iitwayo CC mpaka vikubaliane, na kwa laptopu nyingi makubaliano ni volti 20. Pini za CC ziko mbili, moja kwa kila upande wa mdomo, na waya ukichomekwa unatumia moja. Kwa hiyo mteja akiniambia "fundi, nikigeuza waya inachaji, nikiurudisha haichaji", kabla sijafungua kitu nimeshajua pa kuangalia. CC moja imeziba, imepinda au imekatika njia yake. Mara nyingi ni uchafu uliogandamizwa ndani; kijiti chembamba cha mbao, spiriti safi, subira, imepona.

Ila pini ya CC imepakana na pini ya umeme. Tone la maji, au ile kutu ya kijani, likiunganisha hizo mbili wakati volti 20 zinapita, chipu ya mazungumzo inapigwa na umeme ambao haikujengewa. Hapo mdomo mpya hautasaidia. Mtu wa kando ya ziwa asichaji laptopu yenye USB-C iliyoloa, hata kama inaonekana imekauka kwa nje.

Wapo ninaowaambia waache. Laptopu ina poti tatu, moja imekufa, mbili nzima, bodi ni ya tabaka nyingi na mwenye nayo anaitegemea kwa chakula cha kila siku: naitenga ile mbovu isilete shoti, naziba tundu, ananunua kigawanyi cha USB, anaendelea na kazi. Na kwa mashine nyingine poti za upande mmoja ziko kwenye bodi ndogo ya pembeni iliyounganishwa kwa utepe. Unabadilisha bodi hiyo ndogo yote, umemaliza, hakuna moto.

Wenye steshenari nawaomba kitu kimoja. Nunueni waya mfupi wa kurefusha USB, uchomekeni kwenye kompyuta na uachwe hapo moja kwa moja, umefungwa kwenye meza usivutike. Flashi za wateja zichomekwe kwenye mwisho wa waya huo. Zile mara 1,500 zitaisha kwenye waya wa bei ya soda chache, na mtautupa na kuchukua mwingine, huku poti ya kompyuta ikiwa bado ya ofisini.

Na ukienda kununua mtumba mjini, nenda na flashi unayoijua, hedifoni, na waya wa HDMI kama unaweza kuazima. Omba mashine iwashwe ikiwa mezani. Chomeka flashi kila poti, nakili faili kubwa kidogo, na wakati inanakili tikisa flashi taratibu juu na chini. Ikikatika, mguu umeachia. Chomeka chaja, angalia betri inasema inachaji na si kwamba imeunganishwa tu, kisha gusa kichwa cha chaja kwa kidole. USB-C ijaribu pande zote mbili. Ingia kwenye BIOS uone kama inadai nywila, na ikidai, muuzaji aiondoe mbele yako kabla hujatoa pesa. Mulika ndani ya kila tundu kwa tochi ya simu. Muuzaji akikuharakisha, mwambie unasubiri fundi wako, unywe maji, uendelee na poti inayofuata.